Barua ya wazi kwa uongozi wa shule: zitoeni mashine za makasia gizani

Kwa Mwalimu Mkuu, wajumbe wa Bodi ya Shule na Mkuu wa Idara ya Michezo,

Jumamosi iliyopita nilikwenda bandani kuwasha injini ya boti ya uokoaji. Mnanifahamu: mimi ndiye mzazi ninayeiendesha nyuma ya watoto siku za mazoezi, na injini ile ikikaa wiki mbili bila kuguswa hununa. Ufunguo wangu hufungua upande wa boti tu. Upande wa pili nilikuta kufuli jipya. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango, nikaziona mashine sita za makasia, zile za kujizoeza kuvuta nchi kavu, zimesimamishwa ukutani, zimefunikwa turubai moja. Ubaoni juu yake bado yapo maandishi ya kocha ya siku ya mwisho kabla ya mazoezi kusimamishwa: dakika 20 mara tatu, mapigo 18 ya kasia kwa dakika. Chaki imeanza kufifia.

Barua hii inahusu mashine hizo sita, na watoto 22 wa timu ambao kwa hesabu yangu wawili tu ndio wenye mashine nyumbani. Nimewaandikia faraghani mara mbili. Mara zote mbili nilijibiwa kwamba suala langu limepokelewa, na mpaka leo limeketi huko lilikopokelewa. Ndiyo maana sasa naandika hadharani.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Sipingi uamuzi wenu wa kusitisha mazoezi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa. Wapo wazazi wenzangu wanaosema mchezo wa nje, hewa inavuma, hatari iko wapi? Waje siku moja wakae kwenye boti yangu watazame. Mashua ya wanane ina urefu wa mita 17 au zaidi kidogo, na ndani yake wamebanana watu tisa, wavutaji wanane na mshika usukani. Wa saba anamhemea wa nane kisogoni. Wa nane anamhemea mshika usukani usoni, magoti yao yakikaribia kugusana, na mshika usukani anamjibu kwa kupiga kelele kwa nguvu zake zote. Hayo yanaendelea kwa saa nzima. Kama ugonjwa unasafiri kwa pumzi, umeandaliwa usafiri mzuri kuliko huo? Mlifanya sawa kuifunga. Mashindano makubwa kuliko yetu yaliwahi kuinama: mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mbio za makasia za vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, zilizoanza mwaka 1829, hazikufanyika, tamasha la makasia la Henley huko Uingereza, ambalo lipo tangu mwaka 1839, halikufanyika pia, na Olimpiki ya Tokyo ikasogezwa mwaka mzima.

Ninachopinga ni neno moja katika tangazo lenu. Afya ilitaka watu wasikutane. Tangazo likasema shughuli “zote” za timu ya makasia zimesimama hadi itakapotangazwa vinginevyo. Kwa neno hilo kocha ameelekezwa asiwape watoto programu yoyote, banda limefungwa, na ombi la kuazima mashine limejibiwa kwamba ni mali ya shule na haitoki. Mpira wa mguu haukuguswa na maneno hayo kwa namna ile ile, kwa sababu mtoto wa mpira akikatazwa timu atatafuta mpira na ukuta. Mtoto wa makasia atatafuta nini? Hana mto nyumbani.

Nieleze kinachopotea, maana nahisi mezani kwenu jambo hili linaonekana kama likizo. Mbio za kawaida za makasia ni mita 2,000. Kwa vijana wa shule, mashua ya wanane huzimaliza kwa dakika sita, saba hivi, na sehemu kubwa ya nguvu ya dakika hizo hutoka kwenye pumzi: moyo unavyosukuma damu na misuli inavyoitumia hewa. Uwezo huo hujengwa kwa miezi ya mazoezi marefu ya polepole, yale ambayo mtoto anaweza kuongea huku anavuta. Na ndio wa kwanza kuondoka. Mtu akiacha mazoezi, ndani ya wiki chache maji ya damu hupungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ile ile, na pumzi hukata mapema. Nguvu ya misuli hukaa muda mrefu zaidi kabla ya kushuka. Mchanganyiko huo ndio ninaouogopa: mtoto anarudi akijihisi ana nguvu, anavuta kama zamani, kumbe mwili uliobeba nguvu hiyo umelegea.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Nilikuwa na miaka 17 mto ulipofurika tukakaa miezi miwili bila kugusa kasia. Mafuriko yalipoisha, timu niliyokuwa nayo wakati huo ilitupa ratiba kamili kuanzia Jumatatu ya kwanza, kana kwamba tulikuwa tumepumzika wikiendi. Wiki ya pili nikaanza kusikia kitu kama msumari chini ya bega la kulia. Nikivuta, kinachoma. Nikipiga chafya, naona nyota. Nilinyamaza siku nne kwa kuogopa kuporwa kiti changu, siku ya tano sikuweza kunyanyua mkono kuvaa shati. Daktari akasema ubavu una ufa, wa mkazo, si wa kuanguka. Nilikaa nje wiki sita. Mto ulininyima miezi miwili, haraka ya kurudi ikaninyima mwezi na nusu mwingine. Ufa wa ubavu na maumivu ya kiuno ni magonjwa ya nyumbani kabisa katika mchezo huu, na hupenda kumpata mtu anayeongezewa kazi ghafla. Watoto wenu watarudi tu. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Watarudi na mwili gani, hilo linaamuliwa sasa, mlango ukiwa umefungwa.

Sasa nije kwenye jambo lililonikera hasa.

Wiki tatu baada ya tangazo la kusimamisha shughuli zote, wanafunzi walipokea ujumbe kutoka idarani: kila Ijumaa mtoto atume picha ya kioo cha mashine ikionyesha muda wake wa mita 2,000, na orodha hiyo itatumika kupanga mashua mazoezi yakirudi. Watoto wawili walituma. Ishirini waliandikiwa “hajawasilisha”. Binti mmoja wa kidato cha pili, mvutaji mzuri sana wa kiti cha tano, alimwuliza mama yake kama wanaweza kuuza kitu wapate mashine. Mama yake ndiye aliyenipigia simu.

Naomba mlitazame hili polepole. Shule imefungia mashine, halafu imewataka watoto watume matokeo ya mashine. Sidhani kuna aliyekusudia ubaya. Nadhani mtu mmoja aliandika tangazo, mwingine akaandika ujumbe, na hawakuulizana. Lakini kwa mtoto aliyeko upande wa pili wa simu, hiyo ni habari kwamba kiti chake kitakwenda kwa mwenye sebule kubwa.

Na hata zile picha mbili zilizofika hazilinganishiki. Mmoja wa wale wawili ana mashine ya feni ya Concept2 kama za shuleni, inayopima jinsi gurudumu la feni linavyopunguza kasi kila mtu anaporudi mbele, kisha inafanya hesabu yake kutokana na hapo. Mwingine ana mashine ya sumaku ya mazoezi ya kawaida ya nyumbani, na hesabu yake ni ya kwake peke yake. Kuwapanga wawili hao kwa sekunde ni sawa na kulinganisha vimo viwili vilivyopimwa kwa kamba mbili. Zaidi ya hapo, mashine haielei. Mtoto mzito mwenye nguvu hupata muda mzuri juu yake, lakini majini uzito wake unaizamisha mashua kidogo na wenzake wanaulipia. Mashine haioni kama bapa la kasia liliingia majini pamoja na la mwenzake au nusu sekunde baadaye. Kocha anaona. Ni kipimo kizuri cha mtu kujilinganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita, na hapo nitakitetea.

Hata kwa kujilinganisha mwenyewe kinahitaji maelezo, na maelezo hayo watoto hawajapewa kwa kuwa kocha amenyamazishwa. Mtoto anayevuta mita 500 kwa dakika 2 na sekunde 10 anazalisha wati 159 hivi. Akitaka afike dakika 2 kamili lazima azalishe karibu wati 203. Sekunde kumi tu, lakini ni zaidi ya robo ya nguvu yake juu ya ile aliyonayo, kwa sababu nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi. Asiyejua hilo anakata tamaa wiki ya pili akidhani ana kasoro. Na yupo yule mwingine (kila timu inaye) anayepandisha ule mkono wa pembeni mwa feni mpaka namba 10 akiamini ndipo pa wanaume. Ule mkono ni kama gia ya baiskeli. Unaongeza uzito wa kila mvuto, hauongezi ubora wake, na kwa mgongo wa mtoto anayekua namba 3 hadi 5 inatosha kabisa.

Mashine hizo kuzitoa si kazi ya ajabu. Moja ina kilo 26 hivi na inatengana vipande viwili bila spana. Nimezibeba mwenyewe mara nyingi kwenda mashindano ya ndani, na hupita kwenye gari la kawaida kiti cha nyuma kikilazwa. Watoto 20, mashine sita. Kocha anajua nani anakaa karibu na nani. Kila mashine ihudumie watoto watatu au wanne walio jirani, wiki kwa wiki, na inapohama mpini na kiti vioshwe kwa sabuni. Reli ifutwe kila siku, mnyororo utiwe mafuta kila baada ya saa 50 za kazi. Mzazi asaini fomu. Hofu ya kuharibika naielewa, lakini mashine ya feni hufa kwa vumbi na kutu mapema kuliko inavyokufa kwa kuvutwa. Kinachonisumbua mimi zaidi ni kelele: feni hunguruma, na kuna watoto wanaokaa ghorofani juu ya vichwa vya watu. Hao wawekewe saa za mchana, na mkeka mnene chini.

Mtoto ambaye zamu haijamfikia naye asikae bure. Kukimbia, baiskeli, kuruka kamba, kupanda ngazi, vyote vinajenga pumzi ile ile. Kuchuchumaa na kuinuka hujenga miguu, na miguu ndiyo injini ya mchezo huu; wengi huitazama mikono kwa sababu ndiyo inayoonekana. Halafu kuna ufundi, ambao unaweza kufanyiwa kazi sakafuni kwa mpini wa fagio. Nimemwona kocha akiwafundisha hivyo wageni wa mwaka wa kwanza kabla hawajagusa maji: unaketi miguu imenyooka, mpini mikononi, unasukuma mikono kwanza mpaka ipite magoti, kisha mwili unafuata kwa kuinama kutokea nyongani, mgongo haujikunji. Unarudi kwa mpangilio uliopinduliwa, mwili kisha mikono. Kwenye mashua yenyewe miguu huongezeka: wakati wa kuvuta ni miguu, mgongo, mikono, wakati wa kurudi ni mikono, mgongo, miguu. Makosa mengi ninayoyaona kutoka boti yangu ni ya mtu aliyekosea foleni hiyo. Anakunja magoti kabla mikono haijapita, mpini unagonga goti, anauinua juu kulikwepa, bapa linazama kwenye maji na mashua nzima inalalia upande mmoja. Sekunde 30 za video iliyopigwa kwa ubavu, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kiti, zinamtosha kocha kumwambia mtoto wapi anakosea. Sekunde 30 kwa watoto 22 ni dakika 11. Mruhusuni azitumie.

Niwataje wale ambao hata tangazo halikuwakumbuka, yaani washika usukani. Natangaza maslahi: mmoja wao ni binti yangu.

Wapiga makasia wote hukaa wakitazama tezi, yaani nyuma ya mashua. Wanakwenda wasikokuona. Katika watu tisa ni mshika usukani peke yake anayetazama mbele, na mashua ikikwangua nguzo ya daraja ataulizwa yeye. Mazoezi yaliposimama, kila mtu alijua mvutaji anapoteza nini, lakini hakuna aliyejiuliza mshika usukani anafanya nini nyumbani. Binti yangu alianza vibaya. Alisoma mahali kwamba uzito wa chini wa mshika usukani kwenye mashindano ya kimataifa ni kilo 55, akajipima akakuta ana 57, na kwa wiki moja akawa anasukuma sahani mbele. Ilibidi nimketishe. Nikamweleza kwamba kanuni hiyo ipo ili kumzuia mtu kujikondesha: aliye chini ya kilo 55 hubebeshwa mzigo wa kufidia, kwa hiyo hakuna faida ya kushuka, na hizo kilo mbili hakuna mashua iliyowahi kushindwa kwa ajili yake. Mambo kama hayo kocha angeyamaliza kwa simu ya dakika tano. Lakini kocha alikuwa ameambiwa anyamaze.

Baadaye binti yangu akajitafutia kazi. Alichora mto wetu kwa kumbukumbu, kona kwa kona, nami nikamsahihisha pale mti ulioanguka mwaka jana ulipobadilisha mkondo. Akasikiliza rekodi za sauti yake mwenyewe za msimu uliopita, na akagundua kwamba anasema “nguvu” mara nyingi mno kiasi kwamba haimaanishi tena kitu. Kisha akajaribu jambo ambalo lilinifanya nicheke halafu likanifanya nifikiri. Aliwapigia wenzake wanne simu ya pamoja, mmoja kwenye mashine, mmoja kwenye baiskeli, wawili wakipanda na kushuka ngazi, akaanza kuwahesabia kama majini. Ikawa vurugu. Sauti hufika kwa kuchelewa, na kila simu ina ucheleweshaji wake, hivyo “sasa” yake iliwafikia watu wanne katika nyakati nne. Siku mbili baadaye alibadilisha: akaacha kuhesabu mapigo, akawa anaendesha dakika. Dakika ya tatu, legeza mabega. Dakika ya tano, fulani tunakusikia pumzi, shusha kidogo. Wale wanne sasa wanamsubiri jioni. Hakuna mwalimu aliyemfundisha hilo, na kwa mujibu wa tangazo lenu, kwa maana kali, amevunja amri.

Mchezo wenyewe ulishaona kwamba watu wanaweza kuvuta pamoja wakiwa mbali. Februari 2021, mashindano ya dunia ya makasia ya ndani yalifanyika kila mshindani akiwa kwake, mashine zikiunganishwa kwa intaneti. Mwaka huo huo Oxford na Cambridge walihamishia mbio zao Ely, mbali na kingo za London ambako watu hujazana, na watazamaji wakaombwa wasiende. Hawakusubiri hali irudi kama zamani ndipo wafanye kitu.

Kuhusu maji yenyewe, naomba nisieleweke vibaya, maana hapa ndipo mzazi mwenye shauku anaweza kuua mtoto. Shule ina mashua tatu za mtu mmoja. Mtu mmoja ndani ya mashua yake hamhemei yeyote. Uingereza mwaka 2020, makatazo yalipoanza kulegezwa, mashua za mtu mmoja zilikuwa kati ya za kwanza kurudi majini kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mashua hiyo ni nyembamba kuliko mabega ya anayeikalia, ile ya mashindano inaweza kuwa na kilo 14 tu, na kinachoisimamisha wima ni makasia mawili yaliyolala juu ya maji. Ukiachia mpini mmoja, umo majini. Maji yakiwa ya baridi hukunyang'anya pumzi dakika ile ile ya kwanza, hata kama ni mwogeleaji hodari.

Kwa hiyo siombi mfungue mto. Naomba mfikirie wale wanne wakubwa waliokwishafanya jaribio la kupinduka na kupanda tena, ambao kocha anawaamini. Watoke mmoja mmoja, wa pili asifike gatini kabla wa kwanza hajaondoka, na asitoke mtu kabla boti ya uokoaji haijawa majini. Boti hiyo nitaiendesha mimi, peke yangu. Siku ya upepo tunalala. Wageni wa mwaka wa kwanza wasikaribie kabisa, hata wakilia. Mkiona hata hilo ni mapema, sawa, semeni hapana na mseme lini mtalitazama tena. “Hapana mpaka mwisho wa mwezi” mtoto anaweza kuishi nayo. “Hadi itakapotangazwa” inamfanya aangalie simu kila asubuhi.

Nina wasiwasi mmoja wa upande wa pili, na ni haki niuseme. Mkifungua mlango, wapo watu wazima, kocha wetu mpendwa akiwemo siku zake mbaya, watakaotaka kugeuza kila chumba cha kulala kuwa kambi. Mara mbili kwa wiki kukutana kwa simu inatosha, na kamera isiwe lazima. Kuna watoto wanaofanyia mazoezi chumba ambacho bibi amelala. Mazoezi mengine kila mmoja ayafanye kwa saa yake. Mwenye homa asivute hata dakika moja, na akipona aanze chini kabisa kwa ruhusa ya mganga, awe nyota wa timu au asiwe. Na mbio za mita 2,000 kwa nguvu zote, mtoto peke yake ndani ya nyumba na hakuna mtu mzima karibu, zipigwe marufuku moja kwa moja. Nimeona watoto wakizimia baada ya mbio hizo wakiwa wamezungukwa na watu wa kuwadaka. Marufuku hiyo pia ingemaliza ule mtindo wa picha za Ijumaa.

Mazoezi yakirudi, wiki tatu za kwanza ziwe za polepole kwa maandishi, ili hata kocha akishikwa na pupa ya mashindano kuna karatasi ya kumrudisha. Na mashua zipangwe upya majini, baada ya wiki hizo, kwa macho ya kocha. Orodha ya Ijumaa ifutwe, na wale ishirini waambiwe imefutwa. Ujumbe wa mistari miwili tu. Yule binti wa kiti cha tano aupate kabla mama yake hajaanza kutazama vitu vya nyumbani kwa jicho la kuuza.

Fomu ya kuazima nimeshaiandika, ukurasa mmoja, nimeiacha kwa katibu wa shule ndani ya bahasha ya kaki. Inahitaji sahihi moja kati ya zenu tatu. Kocha ameniambia hawezi kusema lolote, lakini hakukataa nilipomwomba ramani ya nani anakaa wapi. Gari ninalo, na mzazi mwingine amejitolea lake. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa bandani kuwasha injini kama kawaida. Nitakuja na mkeka, sabuni na mafuta ya mnyororo. Kufuli jipya ni lenu.

Wenu,
Mzazi wa mshika usukani, na dereva wa boti ya uokoaji